Mashine ya oksijeni haitengenezi oksijeni

Mi nilikuwa naamini kabisa kwamba ile mashine ya oksijeni inayokaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa inatengeneza oksijeni. Kumbe haitengenezi chochote, kazi yote inafanywa na vipunje vya jiwe vilivyomo ndani, jiwe linaitwa zeolaiti, na tangu nijue siachi kulisimulia.

Iko hivi. Hewa tunayovuta asilimia 78 ni nitrojeni, oksijeni ni 21 tu. Mashine inavuta hewa hii hii ya kawaida, inaisukuma kwa presha kwenye mtungi wa zeolaiti, nitrojeni inanasa humo, oksijeni inapita. Mtungi ukishajaa presha inaachiwa, nitrojeni inarudi nje, na muda huo mtungi wa pili ndo uko kazini, vinapokezana hivyo hivyo usiku kucha na kwenye mrija inatoka oksijeni ya asilimia 90 na kitu. Adui yake mkubwa ni unyevu, maana zeolaiti inapenda maji kuliko nitrojeni, ikishalowa haishiki tena vizuri.

Siri yake ni vitundu. Ndani ya jiwe kuna vijia vingi mno, vyembamba kuliko nanomita 1 (sehemu moja ya bilioni ya mita), na humo zimekaa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu au kalsiamu ambazo hazijakazwa sana, hizo ndo zinavuta nitrojeni. Alafu zinabadilishika! Kwenye sabuni ya unga zeolaiti inachukua kalsiamu ya maji magumu inaachia sodiamu, povu linakubali. Kule Fukushima, Japani, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia ya 2011 zeolaiti ilitumika kunasa metali ya sizi (cesium) yenye mionzi kwenye maji machafu, kanuni ile ile.

Jina hilo la zeolaiti alilitoa Msweden Axel Cronstedt mwaka 1756, alichoma jiwe likatoa mvuke kama linatokota, akatumia Kigiriki: jiwe linalochemka.

Sasa kitu kinachonikera ni hawa wanaouza unga wa zeolaiti wa kunywa, eti unasafisha mwili na hauna madhara kwa sababu ni wa asili. Zeolaiti ziko aina nyingi jamani. Moja inaitwa erionaiti, ina nyuzinyuzi, nayo ni ya asili kabisa, na kuna vijiji vya Kapadokia huko Uturuki watu waliishi kwenye nyumba za mawe yenye hiyo kitu, wakawa wanakufa kwa saratani ya utando wa mapafu, familia baada ya familia.