Listi ya vyuo ya binti yangu tuliianzia chini, sio juu

Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa huku Houston napigiwa simu na wazazi wenzangu, Watanzania, Wakenya, na Wakongo tunaosali nao pia, na swali ni lile lile: dada, mtoto ana A tupu, SAT (mtihani wa kuombea vyuo) kapiga vizuri, sasa tuombe vyuo gani? Nimeona niandike kwa kirefu jinsi tulivyofanya na binti yangu aliyemaliza sekondari 2025, maana kwenye simu mengi yanasahaulika, na hili jambo ni zito, ni hela na ni maisha ya mtoto.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi, baba yake anaendesha lori. Binti alikuwa kwenye asilimia tano za juu za darasa lake na anataka uhandisi wa bayomedikali, yaani kutengeneza vifaa vya hospitali, viungo bandia na kadhalika, hajabadilisha mawazo tangu akiwa darasa la tisa. Kinachowapoteza watoto wa namna hii ni kwamba kila mtu anawaambia wataingia popote. Kaka yangu wa Morogoro alikuwa ananitumia voisi, "Huyo ni wa Harvard tu mdogo wangu, usimwekee mipaka." Namwelewa kabisa, nyumbani ukitoka na Divisheni Wani ya pointi tatu hakuna wa kukuuliza umecheza mpira gani wala uandike insha kuhusu maisha yako, pointi zako ndizo zinaongea. Huku sivyo. Darasa lililoingia Harvard 2024 waliomba watu zaidi ya 54,000 na waliopata nafasi hawakufika 2,000, na hao walioachwa sio vilaza jamani, wengi wao wana A tupu kama wa kwako. Kwa hiyo chuo kinachochukua chini ya asilimia kumi ya waombaji mimi nakihesabu ni bahati kwa kila mtoto, hata awe bora vipi, na nikamwambia binti hivyo hivyo mapema ili barua zikija asijione hafai.

Basi tukaanza chini. Chini simaanishi chuo kibaya, namaanisha kile ambacho nina uhakika nacho kwa mambo matatu: ataingia, kozi anayoitaka ataipata, na sisi tutaweza kulipa. Kikikosa hata kimoja hicho sio sefti, yaani chuo cha uhakika, usikiite sefti. Hapa wengi wanaangalia lile la kwanza tu halafu Aprili wanalia kwa sababu mtoto kachukuliwa ila hela hakuna.

Sisi wa Texas tuna bahati moja kubwa. Kuna sheria ya jimbo ya 1997 inayosema mtoto akiwa kwenye asilimia kumi za juu za darasa lake, vyuo vya serikali vya jimbo lazima vimchukue. UT Austin (University of Texas ya Austin) peke yake imeruhusiwa kupunguza, mwaka wa binti yangu ilikuwa asilimia sita na kwa wanaoingia 2026 imeshuka ikawa tano, kwa hiyo muulizeni kaunsela nafasi ya mtoto wenu darasani mapema, msisubiri Novemba. Lakini sasa sikilizeni vizuri, sheria inakupa chuo, haikupi kozi! Mtoto anaweza kuingia UT Austin kwa nafasi yake darasani halafu uhandisi akakosa akapangiwa kitu kingine kabisa. Texas A&M nao tulipoomba sisi, mwaka wa kwanza wote walikuwa wanaingia kama uhandisi wa jumla, halafu baadaye ndiyo wanagawanywa kwenye fani kwa maksi. Kwa mtoto anayejua anachokitaka hiyo ni tofauti kubwa mno, ndiyo maana sefti yetu ya kweli ilikuwa University of Houston, wana uhandisi wa bayomedikali, ni dakika chache kutoka nyumbani, ada ya mkazi, na anaweza kula ugali wangu jioni. UT Dallas tukaiweka ya pili. UT Austin na A&M tukaziweka kwenye kundi la katikati japo kuingia chuoni ilikuwa uhakika.

Hela ndiyo ilitula muda mrefu zaidi. Kila chuo huku kinatakiwa na sheria kiwe na kikokotoo kwenye tovuti yake kinachokuonyesha familia kama yenu italipa kiasi gani baada ya msaada, wanaita Net Price Calculator, na ni bure. Jumapili moja nimetoka shifti ya usiku tukakaa mezani, binti na laptop yake, mimi na fomu ya kodi 1040 na slipu za mshahara za baba yake, tunasoma mstari kwa mstari: mapato yote, akiba, watoto wangapi wako chuo kwa wakati mmoja, nyumba ina deni kiasi gani. Tukamaliza kimoja tukaenda kingine, namba tunaandika kwenye karatasi moja. Rice, chuo binafsi cha hapa Houston, ambayo ukijumlisha ada, bweni na chakula inafika kwenye dola 80,000 na kitu kwa mwaka, ikatoka bei ndogo kuliko chuo cha serikali cha jimbo jingine ambacho binti alikipenda kwa ajili ya timu yao ya mpira. Aliniangalia akasema, "Mama, hii imekosea." Tukarudia kuingiza, namba ile ile. Rice 2018 walitangaza mpango wa kuzifutia ada familia za kipato cha kawaida, wakati vyuo vya serikali vya majimbo mengine vinamtoza mgeni ada kubwa na msaada kwake ni kiduchu. Tangu siku ile sikuangalia tena bei iliyobandikwa kwenye tovuti, naangalia kikokotoo tu, na kile chuo cha mpira kikatoka kwenye listi, binti alinuna siku mbili tatu yakaisha.

Kundi la katikati ndilo watu hawalitilii maanani. Unakuta mtoto ana vyuo nane vya bahati na kimoja cha nyumbani, katikati patupu. Sisi tulitafuta vinavyochukua robo ya waombaji au zaidi, vyenye kozi yake, na vyenye tabia ya kutoa msaada, tukapata Case Western ya Cleveland na University of Rochester ya New York. Majina hayo kaka yangu alikuwa hajawahi kuyasikia, lakini ukiongea na watu wa uhandisi wa bayomedikali wanayajua vizuri sana. Njia ya kuvichambua: tafuta jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set. Ni ripoti ya kila mwaka, inachosha kuisoma ila nenda C7 uone wanathamini nini, maksi, insha au shughuli za nje, C9 uone SAT za waliojiunga, halafu H2 uone wanatoa msaada kwa wangapi na wanaziba pengo la hela ya familia kwa asilimia ngapi. Kama SAT ya mtoto iko juu ya robo tatu ya waliojiunga na chuo hakichagui kupita kiasi, hicho ndicho cha katikati. Na hakikisha mtoto amekipenda kweli, sio kakiweka kujaza nafasi.

Juu tukaweka vichache tu: Rice, Johns Hopkins na Duke. Hopkins kwa sababu kozi yake hiyo ni kati ya zinazoongoza Marekani, na pia 2018 tajiri Michael Bloomberg aliwapa dola bilioni 1.8 za kusaidia wanafunzi wasio na uwezo, kwa hiyo umaskini wako haukupunguzii nafasi ya kuchukuliwa. Harvard hatukuomba. Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, inaruhusu hadi vyuo 20 lakini kila kimoja kina maswali yake juu ya ile insha kuu ya maneno 650, na mtoto yuko darasani, ana kazi ya wikendi, ana kwaya, nilisoma zile insha za "kwa nini chuo chetu" nikaona zikizidi kumi zinaanza kufanana na hakuna inayosema kitu. Bora chache zenye roho.

Early Decision, yaani kuomba mapema chuo kimoja, tuliiacha. Ile ni ahadi, ukichukuliwa unaenda, na sisi tulihitaji kuweka barua za msaada pamoja tulinganishe. Kama kikokotoo kinawapa namba mnayoimudu bila wasiwasi na mtoto anakipenda hicho kuliko vyote, ombeni, inaongeza nafasi kwenye vyuo vingi. UT Austin walianzisha Early Action, kuomba mapema na kujibiwa mapema, mwaka ule, dedilaini Oktoba 15, haifungi mtu, hiyo tulituma. Na mwaka ule FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa hela, haikufunguka Oktoba 1 kama kawaida, ilifunguka kwa wote Novemba, kwa hiyo tulianza na CSS Profile, fomu nyingine ya msaada inayotakiwa na baadhi ya vyuo, na familia nyingi za kipato kama chetu hawalipii fomu hiyo wala aplikesheni zenyewe, ombeni msamaha wa ada msione aibu.

Machi majibu yakaja. Vyuo viwili vya juu vilikataa, kimoja kilimweka kwenye listi ya kusubiri, vya katikati na vya chini vyote vilimkubali. Kwenye kulinganisha barua tulifanya hivi: chukua gharama yote pamoja na bweni, vitabu na nauli ya kurudi nyumbani, toa skolashipu na ruzuku TU, mkopo usiutoe na kazi ya chuo usiitoe, hizo sio zawadi, halafu linganisha kinachobaki mara miaka minne. Barua iliyoonekana nono kuliko zote ilikuwa nusu yake mkopo. Case Western ikashinda kwa hesabu hiyo na kwa kozi, akathibitisha kabla ya Mei 1, baba yake akamnunulia koti la baridi la maana. Sasa mdogo wake yuko darasa la kumi, na ninachomsukuma nacho sasa hivi ni PSAT, mtihani wa maandalizi ya SAT, ya Oktoba ya darasa la kumi na moja, maana ndiyo mlango wa National Merit, shindano la kitaifa la skolashipu, na UT Dallas wamekuwa wakiwasomesha bila ada wanaofika fainali yake.