Siku niliyopandisha app ya mama wa mchele

Saa 12 asubuhi. Leo ndo leo. App ya madeni niliyomjengea mama mmoja anayeuza mchele jumla Tandika inapanda kwenye sava, nyuma panapotunzwa data ni Python na Django, mbele anapopaona yeye ni React, na usingizi umenikata tangu saa 10 maana daftari la huyu mama liliwahi kulowa mvua ya masika, wino ukayeyuka na madeni ya watu yakaenda nao, sitaki limkute tena.

Saa 2. Chai, chapati mbili, naingia sava. Navuta code ya app kutoka git, nakimbiza migrate itengeneze meza za data, nawasha Gunicorn inayoendesha Django, na Nginx, mlinda mlango anayepokea maombi yote, naipa kazi mbili: faili za React izitoe yenyewe, na kila ombi la data linaloanza na /api ilipeleke kwa Gunicorn poti 8000.

Saa 3 na nusu. Kosa namba 502. Yani Nginx iko hai ila ikipiga hodi kwa Gunicorn hakuna anayeitika. Nafungua journalctl nisome kumbukumbu za sava, kumbe dereva ya kuongea na Postgres, hifadhi ya data, sikuiweka kwenye venv, folda ya vifurushi vya Python vya app. Naiweka, inaitika.

Saa 5. Kwenye laptop kila kitu kinafunguka, nampigia. Shikamoo mama, jaribu sasa. "Marahaba mwanangu, mbona kinazunguka tu?"

Saa 6 mpaka saa 9, sijala. Nimekagua Nginx, fayawoli, DNS, hadi bando nikamwongezea, hola. Mwisho nikafunga terminali moja ya jana ili laptop ipumue, app ikafa na kwangu pia, hapo ndo nikashtuka. Tab ya Network kwenye Firefox inaonyesha maombi yote yanaenda http://localhost:8000. Sasa localhost ni mashine uliyoishika wewe, kwa hiyo Firefox yangu ilikuwa inaongea na Django ya majaribio iliyokuwa inawaka humo humo kwenye laptop, kwenye ile terminali, na CORS, ruhusa ya ukurasa wa anuani moja kusoma data ya anuani nyingine, nilishamfungulia kila mtu wakati wa majaribio ndo maana haikulalamika, ila simu ya mama ikijitafuta yenyewe haikuti kitu. Vite, kifaa kinachofungasha upande wa React, ikibildi inaichapa VITE_API_URL, anuani ya nyuma, ndani ya faili za JavaScript kabisa, ukija kubadilisha .env, faili ya mipangilio, kwenye sava baadae haisaidii, lazima ubildi upya.

Saa 10. Nimefuta anuani yote nimebakiza /api, mbele na nyuma vikae domeni moja, CORS nimeifunga maana haina kazi tena. Nabildi upya kwa npm run build, folda ya dist iliyotoka inaenda sava.

Saa 11 na nusu jioni. Mama kaingiza mteja wa kwanza, magunia 6, kalipa nusu, kanisomea salio kwa sauti huku daftari liko wazi mbele yake. Zimelingana.