Taa ambayo fundi wa simu ataifungua

Huko kwetu Kwale, hata kwenye vituo vya soko ambavyo nguzo za stima hazijafika, hukosi fundi wa simu. Ana kimeza chake, bisibisi ndogondogo, mita na pasi ya kulehemu. Ninapounda taa za sola, namfikiria yeye.

Mimi natengeneza redio na laptopu Mwembe Tayari, hapa Mombasa, lakini jamaa zangu wengi wako Kinango, huko huko Kwale, na baadhi yao bado wanawasha koroboi. Shangazi yangu alinunuliwa taa ya sola ya dukani, ya kupendeza kweli, paneli na betri zimegandishwa kwenye plastiki moja. Ilipozima, pale kijijini hakuna aliyeweza kuifungua.

"Mwanangu, hii ishakufa, kaitupe huko mjini," akaniambia.

Nikaipasua. Paneli nzima, balbu nzima. Iliyokufa ni betri peke yake, na sikushangaa: ili paneli ipate jua, taa yote ilikuwa ikianikwa juu ya mabati mchana kutwa, na betri ya lithiamu huzeeka upesi kwenye joto. Iliniuma sana. Mtu ametoa pesa yake, kitu cha bei ndogo kimeharibika ndani, na gundi imemzuia jirani kumsaidia.

Zangu natenganisha. Paneli ya volti 6, wati 3, inakaa juu ya paa, imeinamishwa kidogo kuelekea kaskazini kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta, na ule mwinamo unasaidia mvua kuosha vumbi. Waya unashuka ndani hadi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha skrubu. Humo mna bodi ndogo ya kuchajia, TP4056, ile yenye ulinzi wa betri: inakata chaji ikifika volti 4.2, na inazima taa kabla betri haijanyonywa kupita kiasi. Fundi wa simu hahitaji kufundishwa sana hapo. Volti hizo zinakaribiana na za betri anazozishika kila siku.

Seli, yaani zile betri ndogo zinazounda betri kubwa, nazitoa kwenye betri za laptopu za zamani, zile nene, ambazo ndani mara nyingi huwa na seli sita za mviringo za saizi inayoitwa 18650. Laptopu ikikataa betri, si lazima seli zote ziwe zimekufa. Nachaji kila moja peke yake huku naigusa. Ikipata moto, naiweka kando, haitumiki tena. Zilizobaki naziacha wiki kadhaa kisha napima. Iliyoshuka chini ya volti 4 siitumii. Halafu naunganisha mbili sambamba, chanya kwa chanya, na sharti volti zake ziwe sawa kabla hazijagusana, la sivyo moja itaimiminia nyingine umeme kwa nguvu.

Kwenye LED, ile balbu ndogo, ya wati 1 naweka rezista ya omu 3.3, kipande kinachobana umeme. Mwanga unapungua kidogo, lakini taa inakula kama miliampia 200 tu. Hata kama uzee umeziachia seli zile miliampia-saa 1500 kila moja, usiku mzima unatosha, na mtoto anasoma bila moshi wa koroboi machoni. Siku ya jua zuri, paneli inarudisha kilichotumika.

Ndani ya kifuniko nabandika karatasi yenye mchoro: waya upi unaenda wapi, rezista ni ya omu ngapi, seli ni ya aina gani. Naona karatasi hiyo ina thamani kuliko paneli. Taa niliyomuundia shangazi ilipokatika waya, fundi wa pale sokoni aliifungua, akalehemu, akafunga. Mimi nilikuja kuambiwa baadaye.

Kinachonipungukia sasa ni seli. Kama una betri ya laptopu iliyokataa, usiitupe jalalani. Kuna nyumba Kinango inaingoja. Ila iliyovimba, iliyotobolewa au iliyoingia maji ya chumvi usiniletee, na usijaribu kuichaji: iweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto, mpaka umpate mtu anayekusanya taka za elektroniki.