Kapasita ya inveta haisubiri kuvimba ndo ife

Wadau, kuna kitu nakiona sana kwenye inveta za sola, fundi anafungua boksi, anaangalia kapasita (vile vikopo vinavyotunza umeme) kwa juu, haijavimba, anafunga anasema iko poa. Sasa kuvimba ni hatua ya mwisho, na nyingi zinakufa bila kuvimba, yale majimaji ya ndani yanakauka kidogo kidogo yakipenya kwenye mpira wa chini, uwezo wa kutunza umeme unapungua, ukinzani wa ndani tunaouita ESR unapanda, ukipanda kapasita inachemka zaidi, joto nalo linazidi kukausha, mwisho mosfeti (swichi za kielektroniki za inveta) zinaungua na lawama zote zinaenda kwa mosfeti, wakati zenyewe wala hazina kosa.

Kwa hizi za elektrolaiti, yani zenye majimaji ndani, wengi wanaihesabu imekwisha ikipoteza asilimia 20 ya uwezo au ESR ikifika mara mbili ya ilivyoanza. Sikia hapo, ya ILIVYOANZA. Kapasita iliyoandikwa 470 mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) mara nyingi inaruhusiwa kupishana asilimia 20 juu au chini, yani ikisoma 380 inaweza ikawa mpya kabisa, au ilikuwa 475 na sasa imechoka, na mita haikwambii ni ipi. Ndo maana mi nikifunga mpya napima kwanza, naandika kwa maka pen ndani ya kava: uwezo, ESR, tarehe na joto la siku hiyo, maana ESR kwenye baridi inapanda na kwenye joto inashuka, namba ya asubuhi ya Njombe usiilinganishe na ya mchana wa Dar.

Huna mita ya ESR? Basi angalau pima uwezo. Hakikisha imemwagwa umeme kwanza kupitia rizista (sio bisibisi jamani, kwenye volti mia tatu na ushee utajuta), itoe kwenye bodi, ichaji kwa betri ya volti 12, ikatize na betri, weka rizista ya kilo-omu 100 na voltimita kwenye miguu yake miwili, hesabu muda mpaka ishuke ifike volti 4.4. Ya 470 itachukua kama sekunde 47, ikiwa imebaki asilimia 80 ni kama 38 tu. Hii haikuonyeshi ESR, na ESR mara nyingi ndo inatangulia kuharibika, kwaiyo ikifaulu hapa usimwambie mteja ni nzima, mwambie uwezo bado upo.