Lita themanini za Mama Kioko

Tangazo lenyewe lilifika ofisini kwangu likiwa limefungia mandazi. Mama Kioko aliyamimina mandazi kwenye sahani, akaunyoosha ule ukurasa wa gazeti juu ya meza, akaweka kidole kando ya doa la mafuta. "Baba Neema, hebu soma hapa. Hii si ni mimi wananiongelea?"

Alikuwa yeye. Rasimu ya kanuni mpya ilitaka kila muuza maziwa awe na kibali cha kila mwaka na cheti cha maabara kila baada ya miezi mitatu. Umma ulipewa siku kumi na nne za kutoa maoni. Gazeti lilikuwa la siku tisa zilizopita.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu. Nina chumba kimoja Kayole, Nairobi, juu ya duka la dawa, na wateja wangu ni vinyozi, wauza vipuri, mama mmoja wa nguo za watoto, na Mama Kioko mwenye ATM ya maziwa. Kwa msiojua, ni ile mashine unaingiza pesa, unatega chupa, maziwa yanashuka. Huuza lita themanini kwa siku. Hununua lita kwa shilingi 70, huuza kwa 90. Ukitoa kodi ya kibanda na umeme, siku njema humwachia kama shilingi 900. Najua kwa sababu naandika mimi.

Tangazo lilitaja waraka mwingine ulioandamana na rasimu, taarifa ya athari za kanuni. Nikaupakua, nikauchapisha. Kurasa ishirini na sita, zote kwa Kiingereza. Nilikuwa nimesikia habari za taarifa hizi lakini sijawahi kuisoma moja mpaka mwisho, na nakiri nilianza kuisoma kwa sababu ya umbea tu, kama mtu anayesoma barua ya jirani.

Kisheria si jambo la hiari. Hapa Kenya tuna sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni, na inasema kwamba kanuni inayoelekea kuwaletea wananchi gharama kubwa lazima itanguliwe na taarifa ya aina hii. Inataka lengo lielezwe, athari zielezwe, gharama na manufaa vipimwe, na njia nyingine za kufikia lengo hilohilo zitajwe, pamoja na sababu za kuzikataa. Kilichonishangaza ni kwamba sheria inataja waziwazi gharama za kutii. Yaani Bunge lilikwisha kuona kwamba kutii kuna bei yake mbali na ada.

Sasa fungua ukurasa wa gharama. Wameeleza kwa makini magari ya wakaguzi, mishahara, kompyuta, mfumo wa kutoa vibali. Sehemu ya mfanyabiashara ina mistari minne, na maana yake ni kwamba gharama zitakuwa ndogo kwani ada ya kibali ni shilingi 3,000 tu kwa mwaka. Basi. Wamehesabu pesa inayoingia kwenye akaunti yao. Ile inayodondoka njiani kabla ya kufika huko haimo.

Nikavuta daftari. "Mama Kioko, tuseme umeamka kesho unaenda kutafuta hiki kibali. Nani anabaki na mashine?"

"Nani tena? Nafunga."

Tukaandika. Safari ya kwanza ya kupeleka fomu, ya pili kwa sababu kuna karatasi itakayokosekana (hapo alicheka, lakini hakubisha), ya tatu ya kuchukua kibali. Nauli kwenda mjini na kurudi 180, mara tatu, 540. Kila safari inakula nusu siku, na nusu siku kwake ni faida ghafi ya 800 (lita arobaini kwa shilingi ishirini, kabla ya kutoa kodi na umeme), kwa hiyo 2,400. Kijana wa kompyuta wa kujaza fomu mtandaoni pamoja na fotokopi, 350. Kabla hujaongeza ada, tayari ni 3,290. Halafu maabara, mara nne kwa mwaka. Nilipiga simu mbili, wa bei nafuu alisema 1,500 kwa kila sampuli. Hiyo ni 6,000, nauli 720, na nusu siku nne nyingine, 3,200. Jumlisha na ile ada yao. Shilingi 16,210.

Mama Kioko aliitazama ile namba kimya, kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa katika ule waraka. "Hizo ni siku ngapi za kazi?"

Kumi na nane.

Waholanzi, nilikuja kusoma baadaye, waliunda njia ya kuhesabu mambo kama haya, nayo haina uchawi: muda wa kufanya kila hatua, mara bei ya muda huo, mara idadi ya safari kwa mwaka, mara idadi ya biashara. Mwaka 2003 serikali yao ilijiwekea lengo la kupunguza robo ya mzigo wa makaratasi kwa wafanyabiashara. Huwezi kupunguza robo ya kitu usichokipima, na ndiyo maana ilibidi kwanza wakae chini na vinyozi na waoka mikate wao, kama nilivyokaa mimi na Mama Kioko. Wamarekani wao walianza kwa mlango mwingine. Mwaka 1981 Rais Reagan aliagiza kwamba kanuni yoyote itakayokuwa na athari ya dola milioni 100 au zaidi kwa mwaka kwenye uchumi ifanyiwe hesabu kamili na kupitiwa na ofisi iliyo chini ya Ikulu. Sisi hatukuweka kiwango cha fedha. Tuliandika "gharama kubwa" tukaacha hapo. Kubwa kwa nani?

Lakini ngoja, mimi ni mhasibu na sharti niseme yote. Usiku nilipoigawa ile 16,210 kwa lita anazouza kwa mwaka, niliona haya kidogo. Ni senti 56 kwa lita. Afisa yeyote angeniambia, kijana, apandishe bei shilingi moja tukalale. Na angekuwa na haki ya kusema hivyo kama wauza maziwa wote wangekuwa Mama Kioko. Kuna dada mmoja nyuma ya kanisa anayeuza lita kumi na tano kutoka friji lililo mlangoni mwa chumba chake. Nauli yake ni ileile, maabara bei ileile, ada ileile. Hata ukihesabu kwamba nusu siku yake ni ya thamani ndogo, inamtoka 11,660 kwa mwaka, zaidi ya shilingi mbili kwa lita, karibu siku 39 za faida yake ghafi. Na kiwanda kikubwa chenye maabara yake ndani? Hakitahisi chochote. Ukichukua wastani wa hawa watatu, yule dada hupotea kabisa ndani ya namba.

Upande wa manufaa ndio ulioniudhi zaidi, ingawa nilidhani ningeufurahia. Waraka unasema kanuni zitaleta "afya bora kwa wananchi". Hakuna idadi ya wagonjwa, hakuna jina la ugonjwa hata mmoja. Mdogo wangu aliwahi kuugua bruselosi, ugonjwa unaoweza kuletwa na maziwa mabichi. Homa inakuja inaenda, viungo vinauma, akatibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja kabla mtu hajafikiria kumpima ugonjwa wenyewe. Dawa za wiki sita. Yeye huendesha bodaboda, siku arobaini bila kazi, kwa 700 kwa siku, ni 28,000, na hospitali zilimeza 9,500. Jumla 37,500. Mgonjwa mmoja tu anazidi mzigo wa Mama Kioko wa miaka miwili. Ukinionyesha kwamba kanuni hii itazuia wagonjwa wachache tu kwa mwaka hapa Kayole, nitaipigia debe mimi mwenyewe. Hawakunionyesha.

Isitoshe, maziwa yaliyomlaza mdogo wangu yalikuwa mabichi, ya kwenye mtungi wa plastiki uliofungwa nyuma ya pikipiki. Ya Mama Kioko huwa yameshapitishwa kwenye moto kiwandani kabla ya kufika kwake. Mkaguzi atamkuta nani? Mwenye kibanda, mwenye bango, mwenye namba ya simu ukutani. Yule wa pikipiki hana mlango wa kubishwa. Hesabu ya manufaa imedhani watu wote watatii, na kwamba maziwa ya ATM yakipanda bei, mteja atalipa tu. Mteja wa Kayole atasubiri pikipiki.

Nilikuwa kidato cha pili Februari 2004 kanuni za matatu za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza. Abiria kumi na wanne, mikanda, vidhibiti mwendo. Nauli ziliruka, nasi wanafunzi tukapanga mstari kwa miguu kando ya Jogoo Road. Wakati huo sheria ya kutaka taarifa ya athari haikuwepo. Sikumbuki mtu akiuliza watoto watafika shule saa ngapi, na bado, kusema kweli, mama yangu aliupenda ule mkanda.

Siku tatu kabla ya mwisho tulikwenda kwenye kikao cha kutoa maoni. Ukumbi wenye viti vya plastiki, soda, rasimu ikisomwa kwa Kiingereza mpaka mzee mmoja akasimama akaomba Kiswahili. Afisa kijana, mstaarabu kwa kweli, akaufafanua ule waraka vizuri kuliko ulivyojifafanua. "Wazee, hii ni ile karatasi inasema kama hii kitu itawasaidia ama itawaumiza, na ni kiasi gani."

Mama Kioko akanyoosha mkono. "Asante, mwanangu. Hapo kwa kiasi gani mmeandika elfu tatu. Mlimuuliza nani?"

Kijana aliandika swali lake. Nilimwona akiandika, na akalipigia mstari.

Waraka wetu wa maoni ulikuwa wa kurasa mbili. Jedwali la 16,210, jedwali la yule dada bila jina lake, gharama ya mdogo wangu kwa upande wa manufaa, na pendekezo moja la njia mbadala: maziwa yapimwe kule yanakokusanywa, kwenye matangi ya kupozea, kabla hayajagawanyika kwa wauzaji, halafu muuzaji aonyeshe risiti ya tangi. Katika taarifa yao njia mbadala zilikuwa mbili, kutofanya lolote na kufanya walichokwisha kuamua.

Tuliupeleka kwa mkono siku ya mwisho. Kaunta ya kwanza ikatutuma ya pili, ya pili ikataka nakala nyingine, tukashuka kutafuta fotokopi. Muhuri tuliupata saa saba na nusu. Kwenye matatu ya kurudi Mama Kioko alinikumbusha kwamba mashine imefungwa tangu asubuhi, nikatoa daftari nikaandika chini ya tarehe hiyo: nauli 180, fotokopi 20, nusu siku 800.

"Andika na yako," akasema. "Wewe pia ulifunga."