Mbawakawa wa pangoni katika kabati la nafthalini

"Ami, mdudu aliyezaliwa gizani anajua kama pana giza?"

Mtoto wa kaka kaniuliza hivyo juzi umeme ulipokatika. Swali likanipeleka moja kwa moja kwenye maabara ya skuli, alasiri ile Mwalimu alipotoa kisanduku cha wadudu kabatini. Mliosoma pale mnalijua kabati lenyewe na harufu yake ya nafthalini, ile dawa ya kufukuzia wadudu.

Harufu ile ilikuwa na kazi. Mdudu aliyekaushwa ana maadui wengi katika hewa yetu ya pwani: ukungu huanza kuota kwenye viungo vya miguu, gundi hulainika mdudu akabanduka, na sisimizi wakipata upenyo hawabakishi kitu ila magamba. Kwa hiyo kisanduku lazima kiwe na kifuniko kinachobana, silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, ikaushwe upya kila inapobadilika rangi, na nafthalini ifungwe pembeni isigusane na mdudu. Mwalimu aliyafanya yote hayo kwa bidii. Ndiyo maana yule mmoja aliyeletwa na mgeni kutoka Ulaya alikuwa bado kamili, hadi vinyweleo vya miguu.

Alikuwa Leptodirus hochenwartii, mbawakawa wa mapango ya Slovenia. Alibandikwa kwa tumbo juu ya kipande cha kadi nyeupe. Hakuchomwa pini, kwa sababu mgongo wake umetuna na ndani yake ni uwazi. Pini ingelipasua gamba. Mwalimu akaiweka kadi chini ya hadubini, akazima taa ya juu, akaelekeza tochi kutokea ubavuni. Mwanga wa juu ukipiga gamba laini unarudi machoni na kuficha kila kitu. Wa ubavuni hutoa kivuli cha kila mfereji na kila unyweleo.

"Anzia kichwani," akaniambia, "usikurupuke."

Kichwani hapakuwa na macho. Hata alama ya jicho haikuwapo: pale ambapo mbawakawa wa shambani ana jicho la vilenzi vingi, gamba la huyu limepita moja kwa moja. Mbele zimetoka papasi mbili nyembamba, yaani vile vipembe vya kupapasia, kila moja pingili 11, ndefu kukaribia mwili mzima. Kisha kifua, nacho ndicho kilichonishika zaidi. Badala ya kuwa bapa na kipana, kimebanwa kikawa mrija, na kichwa kimesogezwa mbali mbele, kikapapase njia kabla mwili haujafika.

Nyuma ya kifua umbo linabadilika ghafla. Yale mabawa mawili ya juu, magumu, yameungana katikati yakawa kuba moja la hudhurungi linalong'aa kama shanga. Hayafunguki tena. Chini yake hamna mabawa ya kurukia kabisa. Kati ya kuba na tumbo imebaki nafasi inayohifadhi hewa yenye unyevu, akiba ya kupumulia mdudu anapopita sehemu kavu za pango. Miguu sita mirefu imeunyanyua mwili wote juu ya kadi. Mwili wenyewe ni kama milimita 10 tu, lakini ukihesabu miguu na papasi aliijaza kadi pembe hadi pembe. Niling'ang'ania lenzi mpaka wenzangu wakaanza kunung'unika.

Vitabu vingi humweleza mdudu huyu kwa vitu alivyovikosa: hana macho, hana mabawa, hana rangi. Kwangu mimi hesabu hiyo haimtendei haki. Kila kilichoondoka kimeachia nafasi kitu kingine, na papasi zile ni ushahidi tosha.

Habari za kupatikana kwake Mwalimu alizipitia haraka. Mwaka 1831 Luka Čeč, msaidizi wa kuwasha taa katika pango la Postojna, alimwona wa kwanza. Mdudu akafika kwa mkabaila Franz von Hohenwart, kisha kwa Ferdinand Schmidt wa Ljubljana, ambaye mwaka 1832 alimweleza kisayansi. Kabla ya hapo wanasayansi hawakuwa wamemwandika mbawakawa yeyote wa pangoni.

Tukafungua atlasi. Makazi yake yote yanafunikwa na kiganja: Slovenia, magharibi ya Korasia, na kipembe cha Italia karibu na Trieste. Hajatoka huko kwa sababu mbili. Kwanza, asiye na mabawa hupita tu pale nyufa za mawe ya chokaa zinapoungana. Ukikatiza mwamba wa aina nyingine, safari imekwisha. Ndiyo maana wa milima hii na wa milima ile wameachana maumbo, wakagawanywa katika nususpishi, yaani makundi ndani ya spishi moja. Pili ni joto. Pango refu lisilopitiwa na upepo hukaa kwenye wastani wa joto la mwaka la nchi iliyo juu yake, na huyu hutaka chini ya nyuzi 12. Unguja wastani ni kama nyuzi 26.

Chakula nacho kimemuumba. Kule hula mabaki machache yanayoingizwa na maji, na mizoga. Jike hutaga mayai makubwa, machache, na buu akianguliwa hali kitu mpaka awe bundo, ile hatua kati ya buu na mdudu kamili. Mbawakawa wengi wa ukoo wake hupitia hatua tatu za ubuu wakila njia nzima. Huyu chakula chote amekibeba ndani ya yai. Mapango yetu yenye popo ni habari nyingine: kinyesi chao kinalisha umma mzima wa wadudu.

Na swali la mtoto? Huyu wa Slovenia simsemei. Lakini katika mapango ya Kentucky, Marekani, yuko ndugu yake wa mbali, Ptomaphagus hirtus, aliyebakiwa na kilenzi kidogo kimoja kila upande wa kichwa. Mwaka 2011 watafiti walionesha kwamba bado anakwepa mwanga. Kwa hiyo yule, angalau, giza analijua.

Kama ni kutafuta mbawakawa wa pangoni visiwani kwetu, mie ningeanzia Pemba. Mifupa ya punda milia iliyochimbwa katika pango la Kuumbi, Jambiani, inatukumbusha kwamba Unguja ilikuwa imeungana na bara bahari ilipopungua zama za barafu. Mkondo wa Pemba ni wenye kina kirefu, na kisiwa kile kimekaa peke yake muda mrefu zaidi, kwa hiyo mdudu wa huko angepata muda wa kuachana na wa bara. Kwanza ruhusa ya wazee, maana mapango mengi yana mizimu yake. Kisha mbali na popo, sehemu yenye unyevu, unageuza jiwe na kulirudisha lilivyokuwa. Kikombe cha mtego kifukiwe ukingo usawa na ardhi, kiwekwe kipande cha nyama, kikaguliwe kila siku, na kiondolewe siku ya kuondoka. Kilichosahauliwa huendelea kuvuta na kuua miaka, na mdudu anayetaga mayai machache hana namna ya kuziba pengo hilo.