Dari linafungwa lini? Nilivyoimudu ratiba ya kujenga meli za kitalii Papenburg

Nilizaliwa Kigoma, na meli ya kwanza kuipanda maishani mwangu ni Liemba. Nilikuwa darasa la tatu, tukienda Kasanga na baba mdogo kwenye msiba. Msiba wenyewe siukumbuki. Nakumbuka mitumbwi iliyokuja usiku kutoka vijijini, taa zikiyumba majini, watu wakipandia ubavuni pamoja na magunia yao ya dagaa. Miaka mingi baadaye nikapata kazi kwenye kiwanda cha meli cha Meyer Werft, mji wa Papenburg, kaskazini magharibi mwa Ujerumani, ndipo nikajua kwamba Liemba ilitengenezwa hapohapo. Mwaka 1913 mafundi wa mji huu waliiunga, wakaifungua tena, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ikaenda Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya, ikashushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen. Siku niliyojua hayo nilimpigia simu baba mdogo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, umefika kwa wenyewe."

Mimi si mhandisi. Nilisomea ufundi bomba VETA, vyuo vya ufundi vya Tanzania, na huku niliajiriwa na kampuni ndogo ya ukandarasi inayofunga mabomba ya maji safi, maji taka na zimamoto kwenye sehemu za abiria. Baada ya miaka miwili ya kushika spana nikapewa karatasi na kompyuta: niwe mratibu wa ratiba wa timu yetu. Miezi ya mwanzo kazi hiyo nusura inishinde. Naandika nilivyoimudu kwa sababu najua vijana wetu wengine wako kwenye viwanda kama hivi, na ratiba ya meli hakuna anayekuketisha chini akufundishe.

Kwanza ifahamike kwamba meli hizi hazijengwi kama nyumba, msingi halafu ukuta halafu paa. Mabamba ya chuma yanakatwa, yanaungwa kuwa vipande, vipande vinaungwa kuwa bloku kubwa, na bloku inapopandishwa tayari ina mabomba na njia za nyaya tumboni mwake. Kreni ya ukumbini inanyanyua hadi tani 800. Ukumbi mkubwa una urefu wa mita 504 na chelezo, yaani bwawa la kujengea meli, limo ndani yake, chini ya paa, kwa hiyo theluji ya Januari haisimamishi mchomeleaji. Sehemu ya injini huwa inajengwa mbali, Rostock, pwani ya Baltiki, kisha inaelea yenyewe na kuvutwa na matagi, yaani meli ndogo za kukokota, mpaka Papenburg. Vyumba vya abiria vinatengenezwa kiwandani pembeni, bafu na choo vikiwa ndani tayari, vinaletwa na kuingizwa mahali pake kama droo kwenye kabati.

Yote hayo yanakwenda kwa wakati mmoja, na yote yanaifukuzia tarehe moja iliyotangazwa zamani. Chukua Disney Treasure, ambayo tarehe zake zilitangazwa wazi: mkuku, yaani uti wa chini wa meli, ulilazwa Machi 2023, meli ikakabidhiwa tarehe 19 Novemba 2024, na tarehe 21 Desemba 2024 ikaondoka na wageni waliolipa. Meli yenye vyumba vya wageni zaidi ya 1,250, na kati ya kukabidhiwa na safari ya kwanza kuna mwezi mmoja tu na siku mbili, ambamo inapaswa pia kuvuka Atlantiki. Wageni wanakuwa wameshakata tiketi wakati sisi bado tunatembea juu ya chuma kitupu. Tena kuna suala la fedha. Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 20 wakati wa ujenzi, na asilimia 80 siku ya kukabidhiwa. Meli ikichelewa, pesa nayo inachelewa, huku kiwanda kimeshanunua kila msumari. Uzito wa utaratibu huo ulionekana Septemba 2024, serikali kuu ya Ujerumani na jimbo la Niedersachsen zilipoingia na euro milioni 400 kuchukua takriban asilimia 80 ya kiwanda ili kisizame. Wiki zile tulikula chakula cha mchana kimyakimya.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuhesabu kwenda mbele. Nilianza na siku mabomba yanapofika, nikaongeza siku za kufunga, nikaongeza za kupima presha, nikaona tunamaliza wiki mbili kabla ya tarehe tuliyopewa. Nikaripoti kwamba tuna wiki mbili mkononi, na roho yangu ikatulia. Zile wiki mbili hazikuwa zetu. Zilikuwa za wafunga sufi ya kuzuia moto, za mafundi umeme, za watu wa dari. Tuliposogea polepole kwa kudhani tuna nafasi, tulikuwa tunakula muda wa wenzetu.

Aliyenifungua macho ni msimamizi wa timu ya dari, mzee mmoja Mromania aliyekaa kwenye meli kuliko nyumbani kwake. Alinikuta koridoni nikiwa na karatasi zangu, akaashiria juu kwa penseli, akauliza kwa Kijerumani chake kizito: "Dari linafungwa lini?" Nikamtajia tarehe yetu ya kumaliza mabomba. Akatikisa kichwa, akauliza tena swali lilelile. Mara ya tatu nikaelewa. Hakuwa na haja ya kujua mimi namaliza lini. Alitaka kujua kama nazijua siku ambazo nafasi yangu inafungwa nisiweze tena kufika kwenye bomba langu.

Tangu siku ile nilipanga kazi kutoka mwisho kuja mwanzo. Kila bomba nililiandikia tarehe ya kufungwa, yaani siku ambayo dari linapigwa, au chumba kinaingizwa mbele yake, au lango la chuma lililoachwa ubavuni kwa ajili ya kupitishia mizigo linachomelewa. Halafu narudi nyuma: kabla ya dari kuna sufi, kabla ya sufi kuna mkaguzi, kabla ya mkaguzi kuna jaribio la presha, na kabla ya jaribio lazima kila valvu iwe mahali pake. Karatasi yangu ikawa fupi kuliko ya mwanzo, na kwa mara ya kwanza ikawa kweli.

Na mwisho wa mwisho, kule ninakoanzia kuhesabu, kuna mto. Papenburg haiko baharini. Mto Ems unapita hapo mwembamba, katikati ya malisho ya ng'ombe, na bahari iko zaidi ya kilomita 30 mbele. Meli ikimalizwa ukumbini inateremshwa mto mpaka Eemshaven, Uholanzi, ambako inamaliziwa na kujaribiwa baharini. Maji ya kawaida hayatoshi kuibeba. Kwa hiyo huko Gandersum kuna lango kubwa la kuzuia maji, lilianza kazi mwaka 2002. Linafungwa, mto unajaa nyuma yake hadi meli inayozama mita 8.5 inaweza kupita. Lakini hulifungi siku unayotaka. Kuna ndege wanaotagia kingoni, kuna masharti ya chumvi na hewa ndani ya maji, kuna kupwa na kujaa, na siku yenyewe ikifika upepo ukivuma vibaya kila mtu anasubiri. Ndiyo maana hapa husikii mtu akisema meli itatoka ikiwa tayari. Mto una siku yake, na meli lazima iwe tayari siku hiyo.

Sasa nieleze wiki iliyonipima. Jumanne asubuhi muuzaji mmoja wa vifaa alituarifu kwamba valvu 14 za ghorofa yetu zitachelewa zaidi ya wiki tatu. Dari la ukanda ule lilitakiwa kufungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Bila valvu hakuna jaribio la presha, na bila jaribio mkaguzi hasaini, basi dari libaki wazi. Nyuma ya dari wamepanga foleni watu wa taa, wa vipaza sauti, wa vitambuzi vya moshi, wa rangi, wa zulia. Kama dari lingebaki wazi hadi meli itoke ukumbini, kazi yote hiyo ingehamia Eemshaven, na mafundi wangesafirishwa kwa basi kila siku kuvuka mpaka. Siku ile mchana sikula.

Nilichofanya kwanza ni kuacha kompyuta. Nilichukua chaki, ngazi na taa ya kichwani, nikapita koridoni kutoka mwanzo hadi mwisho, nikipanda chini ya kila mahali pa valvu. Kila moja nilijiuliza: dari likishafungwa, mkono wangu utafika hapa? Kwenye dari za meli huachwa vidirisha vidogo vya matengenezo, na vimechorwa kwenye ramani, lakini ramani haikuonyeshi kwamba kuna njia ya nyaya imepita katikati ya kidirisha na bomba. Niliweka alama sakafuni: duara panapofikika, msalaba pasipofikika. Nilipomaliza zilikuwa duara 11 na misalaba mitatu.

Kwa zile 11 niliomba tutengeneze vipande vya muda: bomba fupi lenye flanji, yaani sahani ya chuma ya kuungia, pande zote mbili, urefu uleule wa valvu, tulifunge mahali pake, tupime presha, mkaguzi aone, dari lipigwe. Valvu zikifika, zitabadilishiwa kupitia vidirishani, na maungio yake yatapimwa mfumo utakapojazwa maji. Mkaguzi aliniuliza maswali kwa nusu saa, akataka kila kipande kipakwe rangi nyekundu na kipewe namba, na orodha isainiwe na mimi mwenyewe. Nilikubali bila kubishana. Kitu cha muda kikisahaulika juu ya dari la meli ni hatari kwa watu watakaolala chini yake.

Ile mitatu ndiyo ilinitoa jasho. Nilijua kwamba upande wa omo, mbele ya meli, kuna ukanda ambao dari zake zinafungwa majuma matano baadaye, na valvu zake za kipimo kilekile ziko stoo tayari. Mratibu wa kule ni dada mmoja wa Kibulgaria ambaye hakuwa na deni lolote kwangu. Nilimwendea na karatasi mbili, ratiba yake na yangu, nikazilaza mezani pamoja. Sikumwambia kwamba nina shida, maana kila mtu pale ana shida. Nilimwonyesha tarehe ya dari lake na tarehe ya valvu zangu kufika, na zile siku zilizobaki katikati. Alipitisha kidole mstari kwa mstari. Kisha akasema nitazipata, ila niandike siku ya kuzirudisha, na siku hiyo atakuja mwenyewe kuzichukua mkononi mwangu. Akaja kweli, na akazikuta.

Ijumaa ile, saa nane mchana, tulijaza maji. Geji ilipanda, tukafunga pampu, tukasimama. Katika jaribio kama hilo hakuna cha kufanya isipokuwa kutazama sindano na kusikiliza. Nilipita chini ya bomba nikipapasa kila flanji kwa kiganja kikavu, nikitafuta unyevu. Sindano haikusogea. Mkaguzi akasaini kwenye ukuta mtupu akiegemeza karatasi, na yule mzee Mromania, aliyekuwa amekaa juu ya rundo la mabamba ya dari tangu asubuhi, akainuka bila kusema neno, akaanza kupanga ngazi zake.

Usiku meli ilipoondoka nilikuwa juu ya tuta la mto karibu na Weener, pamoja na mamia ya watu waliokuja na watoto, blanketi na chupa za chai. Pale ndipo mwaka 2015 daraja la reli liligongwa na meli ya mizigo na kuvunjika, na meli zetu hupita hapo kwa kunyata. Ilikuja taratibu, tezi, yaani nyuma yake, ikiwa mbele, kwa sababu ikienda kinyumenyume ndivyo inavyoongozeka vizuri zaidi, na tagi zimeishika huku na huku. Ghorofa zote zinawaka taa, imejaza mto ukingo kwa ukingo, na ng'ombe wamesimama kwenye giza wakiitazama. Nilihesabu ghorofa kutoka chini mpaka nikaipata yetu.

Nilimtumia baba mdogo video. Alfajiri akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimeiona. Mbona inarudi nyuma?"

Nikamweleza habari ya usukani, mto na lango la Gandersum, na kwamba vile vipande vyekundu 11 vyote vilishatoka darini, nimevihesabu mwenyewe mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza chumba kimoja kina vitanda vingapi.